Zamu wa Televisheni na James Hong: Nani Anahesabu Kazi ya Mwigizaji wa Nafasi Ndogo?

Swali lililoletwa kwangu lilikuwa la pesa. Vipindi vya zamani vya mchezo wa kuigiza, uliorushwa kwa miaka mingi na televisheni moja ya hapa Lubumbashi, Kongo, vilikuwa vimewekwa kwenye intaneti na vikitazamwa Likasi, Kolwezi, Kalemie, hadi kwa ndugu zetu walioko Ubelgiji na Afrika Kusini. Kabla ya kila kipindi linapita tangazo la biashara. Mzee mmoja wa Kenya, komini ya hapahapa Lubumbashi, ambaye anaonekana karibu katika kila kipindi, alipigiwa simu na mpwa wake wa Kolwezi: "Mjomba, umerudi kwenye televizyo!" Mzee hakuwa amerudi popote. Alivaa koti, akapanda teksi-basi hadi mjini, akaenda kuuliza kama kuna sehemu yake katika hayo matangazo. Katibu alimpokea kwa heshima, akampa kiti, kisha akamuuliza: "Papa, uko na karatasi gani?"

Hakuwa nayo hata moja.

Kazi yangu ni kusaidia makundi ya maigizo kuandika mikataba na barua zao, na ndivyo kisa hiki kilivyofika mezani kwangu. Jina la mzee silitoi, la televisheni vilevile, kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea. Nitamwita Zamu, kama watoto wa mtaani kwake wanavyomwita, maana nafasi iliyompa umaarufu ni ya mlinzi wa lango la tajiri. Akipita karibu na soko wanampigia kelele: "Zamu, fungula mulango!" Naye hufungua, kwa mkono, hewani, na watoto hucheka mpaka wakae chini.

Nitakichambua kisa hiki kwa kirefu kuliko mzee alivyoomba, kwa sababu nimeona makundi mengi yakiingia katika shimo hilohilo. Waigizaji wa namna hii tunawapenda, maneno yao tunayakariri misibani na harusini, lakini kazi yao haikuandikwa popote. Na kazi isiyoandikwa hailipwi, hata pale mlipaji anapokuwa mtu mwema.

Zamu alikuwa fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Maigizo yalikuwa ya jioni na ya Jumapili. Mwaka 2003 ulikuja mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo wakaondoka, kila mtu na fungu lake moja la pesa. Yeye alikuwa miongoni mwao. Fungu likaisha kama mafungu ya wengi yalivyoisha: karo, dawa, paa la nyumba, biashara ndogo iliyokufa. Kuanzia hapo maigizo yakawa kazi yake pekee, nayo malipo yake yalikuwa pesa ya usafiri, sahani ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu) baada ya kurekodi, na mara mojamoja kitenge cha mke wake kutoka kwa mfadhili wa kipindi. Ameigiza mfalme wa kijiji, katekista, mlevi, polisi wa barabarani, mgonjwa asiyetaka hospitali, mjomba anayekuja kudai mahari ya msichana ambaye hakumlea. Lakini mji ulimchagulia zamu.

Nimetazama upya vipindi hivyo, na ningependa msomaji aone anachokifanya pale langoni, kwani bila kukiona mtu anaweza kudhani ni nafasi ya kusimama tu. Kwa kawaida hadithi inahitaji jambo moja kwake: mgeni abishe, zamu afungue. Yeye hatazami uso wa mgeni kwanza. Anatazama viatu. Viatu vikiwa vimepakwa rangi, mgongo wake unaanza kuinama kabla hajajua ni nani. Vikiwa na vumbi, mkono unaingia mfukoni kutafuta ufunguo: mfuko wa kulia, wa kushoto, wa ndani, kisha kofia. Ufunguo uko mlangoni tangu mwanzo na mtazamaji anauona. Katika kipindi kimoja mwenye viatu vya vumbi alikuwa kaka mkubwa wa tajiri, aliyetoka kijijini kwa miguu. Zamu alipotambua, hakusema neno. Alivua kofia, akainama, akapangusa viatu vya mgeni kwa kofia hiyo. Hilo halikupangwa na mtu. Alilitoa kichwani mwake kamera ikiwa inawaka.

Mtoto wake mkubwa, ambaye sasa ni mwalimu, hapendi. Alinieleza wazi kwamba shuleni wenzake walimwita mtoto wa zamu, na kwamba baba yake angeweza kukataa nafasi ya utumwa miaka ile na kudai ya mwenye nyumba. Mzee anajibu kwamba mwenye nyumba hakuna anayemkumbuka.

Hapo ndipo nilipomleta James Hong, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kichina.

Wengi wetu tunamjua bila kujua kwamba tunamjua. Yule bata bukini mpishi wa tambi, baba wa panda katika filamu za katuni za Kung Fu Panda zilizoanza mwaka 2008, ni yeye. Watoto wetu humsikia kwa Kifaransa, kwa hiyo hata sauti yake yenyewe hawajawahi kuisikia. Katika toleo la asili ndiye anayesema. Alizaliwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, tarehe 22 Februari 1929, kwa wazazi waliotoka Hong Kong. Akiwa mdogo alipelekwa Hong Kong kusoma, akarudi Marekani kama mtoto wa miaka 10 hivi. Alisomea uhandisi wa ujenzi, akamalizia masomo katika chuo kikuu cha USC mjini Los Angeles, kisha akaajiriwa na serikali ya kaunti ya Los Angeles kama mhandisi wa barabara.

Kwa hiyo naye alikuwa na kazi ya mshahara, na maigizo yalikuwa ya pembeni. Katikati ya miaka ya 1950 alionekana katika kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Groucho Marx, akaiga sauti na miondoko ya watu maarufu, akiwemo Groucho mwenyewe aliyekuwa ameketi mbele yake. Watazamaji walimpenda, akapata wakala. Mwaka 1955 alikuwa katika mojawapo ya filamu zake za kwanza za Hollywood, pamoja na Clark Gable. Toleo la Kiingereza la Godzilla lilipotengenezwa, mwaka 1956, alikodiwa kutia sauti, akawa mdomo wa wahusika zaidi ya mmoja. Kwa muda alikuwa akichukua siku za likizo ya kazini ili aende kuigiza, halafu akaiacha barabara moja kwa moja.

Ninapomweleza Zamu sehemu hii huwa anatikisa kichwa. Wote wawili waliacha kazi ya ufundi, na mimi naona tofauti yao iko katika kile kilichokuwa kikiwangoja upande wa pili. Hong aliingia katika taaluma iliyokuwa na chama tangu 1933, chama cha waigizaji wa filamu ambacho kilikuwa na kima cha chini cha malipo kwa siku, hata kwa mtu anayesema neno moja. Zamu aliingia katika kazi ambayo watu wote waliiona kama mapenzi yake.

Nafasi alizopewa Hong, tuseme ukweli, zilikuwa malango tu. Katika Chinatown, filamu ya mwaka 1974, yeye ni Kahn, mtumishi wa nyumbani kwa Evelyn Mulwray, mtu wa kufungua mlango na kumkazia macho mpelelezi anayetaka kuingia. Katika mfululizo wa Kung Fu wa miaka ya 1970 alirudi mara kadhaa, kila mara mtu mwingine, huku shujaa aliye nusu Mchina akiigizwa na mzungu. Kabla ya hapo, mwaka 1957 na 1958, alikuwa mtoto mkubwa wa Charlie Chan katika mfululizo wa televisheni, na baba huyo Mchina aliigizwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Mtu aliyezaliwa Minnesota alitakiwa kuvunja Kiingereza chake ili afanane na Mchina waliyekuwa nao vichwani.

Kwa Zamu nilichagua kumwonyesha kipande kimoja, cha mwaka 1991, kutoka mfululizo wa vichekesho wa Seinfeld. Kipindi kizima kinatokea mahali pa kungojea ndani ya mgahawa wa Kichina. Marafiki watatu wana njaa, wanataka meza. Hong ni mwenyeji wa mgahawa, amesimama nyuma ya kijimeza na kitabu chake, na jibu lake ni lilelile kila wanapomwendea: dakika tano, kumi. Wengine wanaingia baada yao na kupewa meza. Mmoja wa marafiki, Costanza, anangoja simu ya mwanamke, simu inapigwa, mwenyeji anaita "Cartwright!" badala ya Costanza, hakuna anayeitika, anakata. Wakubwa wa kituo hawakukipenda kipindi hicho, waliona hakina kisa. Leo ni miongoni mwa vipindi vinavyotajwa zaidi katika mfululizo wote.

Tazama anavyosimama, nilimwambia mzee. Hana hasira wala dharau. Ana shughuli tu. Kama angeonyesha kwamba anawaonea wale vijana, kipindi kingekuwa cha mtu mbaya na watu wema. Yeye anawanyima meza kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu, na hapo ndipo njaa yao inakuwa kubwa kuliko yeye. Zamu alitazama kimya, akaomba nirudishe nyuma, akatazama tena mkono wa Hong kwenye kitabu. Kisha akasema: "Huyu muntu anafanya kazi." Sijawahi kumsikia akimsifu mwigizaji mwenzake kwa zaidi ya hapo.

Nafasi nyingine za Hong nitazipitia haraka, ingawa kila moja ingetosha makala yake. Mwaka 1982, katika Blade Runner, alikuwa fundi wa macho ya watu wa kutengenezwa. Dakika chache tu, zilizorekodiwa ndani ya chumba halisi cha kugandishia nyama, kwa hiyo ule mvuke wa pumzi ni wa kweli na mtetemeko ni wa kweli. Mwaka 1986 alipata nafasi kubwa, mchawi Lo Pan wa Big Trouble in Little China, mara kikongwe katika kiti cha magurudumu, mara mzimu mrefu mwenye mavazi ya hariri. Alikuwa na miaka 57. Baadaye Friends, The X-Files, The Big Bang Theory, sauti za katuni, michezo ya video. Mwaka 2022, akiwa na miaka 93, alikuwa babu katika Everything Everywhere All at Once. Ukijumlisha vyote, hesabu inayotajwa ni zaidi ya kazi 600.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonishika, maana mtu anawezaje kujua kwamba Hong ana kazi 600? Si kwa kumbukumbu yake. Hakuna binadamu anayekumbuka siku 600 za kazi zilizotawanyika katika miaka karibu 70. Inajulikana kwa sababu kila mara kulikuwa na karatasi: mkataba wa siku, orodha ya walioitwa kazini, jina mwishoni mwa kipindi. Hata pale jina halikutokea kwenye kioo, ofisi ilikuwa na risiti.

Na karatasi hiyo ilikuwa na meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chama chao kilianza kupata malipo kwa waigizaji wa televisheni pale kipindi kinaporudiwa. Mwaka 1960 waigizaji wa filamu waligoma, kuanzia Machi hadi Aprili, chini ya rais wa chama Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi. Walipata malipo kwa filamu mpya zinapouzwa kwa televisheni, na mfuko wa pensheni na matibabu. Kwa filamu za zamani walilazimika kukubali fungu moja la kuanzisha mfuko huo, na waigizaji wengi wa zamani waliona wametolewa kafara. Hadi miaka ya 1970 malipo ya marudio ya televisheni yalikuwa yakikoma baada ya idadi fulani ya marudio. Mkataba wa 1974 ndio ulioondoa kikomo hicho. Kila hatua ilichukua miaka, na kila hatua iliwaacha wengine nje. Nasema hivi kwa sababu vijana wa hapa hupenda kuniambia kwamba kule mambo yalikuwa rahisi.

Sasa, mtoto wa Zamu, yule mwalimu, alinipa pingamizi lililonifanya nifikiri upya. Alisema: karatasi zote hizo, na bado mtu huyo alifungua milango ya wazungu maisha yake yote. Ni kweli. Karatasi inalinda malipo ya nafasi, haichagui nafasi. Jibu la Hong kwa hilo lilikuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 1965, akiwa na Mako na waigizaji wenzao wengine wenye asili ya Asia, alishiriki kuanzisha kundi la East West Players mjini Los Angeles. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Rashomon, na miaka ya mwanzo waliigiza katika chumba cha chini cha kanisa. Pale walikuwa wafalme, majambazi, wapenzi, mahakimu. Mchana studio iliwaita wakawe wafua nguo na wapelelezi wabaya. Jioni walikuwa na jukwaa lao. Kundi hilo lipo hadi leo.

Naliona hilo kuwa jibu bora kuliko kukataa nafasi. Anayekataa hubaki nyumbani na mwingine huchukua. Anayekubali bila jukwaa lingine huliwa na nafasi hiyo. Mwalimu hakukubaliana nami moja kwa moja, na sitamlazimisha. Yeye ndiye aliyebeba lile jina shuleni.

Tena karatasi haileti heshima kwa wakati wake. Hong alifanya kazi tangu enzi za Clark Gable bila kuwa na nyota katika Walk of Fame, ile njia ya Hollywood ambako majina ya watu maarufu huandikwa kwenye nyota za sakafuni. Mwaka 2020 mwigizaji mwenzake Daniel Dae Kim alianzisha mchango wa hadhara ili kulipia nyota hiyo, kwa kuwa inalipiwa, na gharama ilikuwa dola 55,000. Pesa zikapatikana ndani ya siku chache, kutoka kwa watu waliomkumbuka mwenyeji wa mgahawa, mchawi na bata bukini. Nyota ikazinduliwa tarehe 10 Mei 2022, naye akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuipata akiwa hai. Mwaka uliofuata, kundi zima la filamu ile ya 2022 liliposhinda tuzo ya chama cha waigizaji, yeye ndiye aliyesimama kusema. Alikumbusha ukumbi kwamba zamani mzungu alivutwa macho kwa utepe wa gundi ili awe Mchina, kwa madai kwamba Waasia wenyewe hawafai na hawauzi tiketi.

Turudi nyumbani, kwani Lubumbashi haikuanza jana. Mji huu ulikuwa na waigizaji wa televisheni wanaotambulika mitaani kabla ya nyumba nyingi kuwa na televisheni. Odilon Kyembe Kaswili, ambaye karibu watu wote walimjua kwa jina la Mufwankolo, aliongoza kundi lililoigiza kwa Kiswahili chetu cha hapa, redioni, jukwaani na kwenye televisheni ya Lubumbashi. Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifuatilia kazi yao na mwaka 1990 akatoa kitabu kizima, kikiwa na maneno yao yameandikwa neno kwa neno. Ninajivunia jambo hilo. Lakini pia linaniuma, maana kama mgeni yule asingewasha kinasa sauti chake, mengi yaliyosemwa na waigizaji wale yangekwisha siku ileile yaliposemwa.

Na namna walivyofanya kazi ndiyo namna wanavyofanya kazi hadi leo. Mkuu wa kundi anasimulia kisa. Wanagawana nafasi. Wanakubaliana mwanzo, mwisho na vituo vya katikati. Kisha kila mtu anatoa maneno yake mwenyewe. Hakuna karatasi ya maneno ya kukariri. Watu wengi huona hilo kuwa udhaifu wetu wa kisheria. Mimi naona kinyume chake. Mwigizaji wa Hollywood anasema maneno ya mwandishi. Zamu anasema maneno ya Zamu. Ile ya kupangusa viatu kwa kofia, yeye ndiye aliyeitunga na yeye ndiye aliyeicheza.

Sheria ya nchi haiko kimya kuhusu hilo. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi pamoja na haki jirani, yaani haki za wale wanaoimba, wanaopiga ala na wanaoigiza. Tangu 2011 kuna shirika la SOCODA la kusimamia haki hizo. Kwa hiyo mzee alipoambiwa hana karatasi, hakuwa mtu asiye na haki. Alikuwa mtu mwenye haki asiye na ushahidi.

Ndiyo maana hatukuanza na wakili, tulianza na daftari.

Mke wake ndiye aliyekuwa na kumbukumbu kuliko wote. Yeye hakumbuki majina ya vipindi, anakumbuka nguo. Koti la kijani lilifuliwa kwa ajili ya kile cha mahari. Kanzu ya katekista iliazimwa parokiani na ikarudishwa na tundu la sigara, jambo lililoleta maneno. Viatu vya polisi vilikuwa vya jirani. Kwa nguo tukapata vipindi, kwa vipindi tukapata majira, kwa majira tukapata waliokuwepo. Kisha tukaenda Katuba kwa mpiga kamera wa zamani, ambaye amehifadhi kaseti za VHS katika sanduku la bati, na juu ya lebo nyingi ameandika kwa kalamu tarehe na majina ya waliocheza. Hakuna aliyemwagiza. Alisema alikuwa akifanya hivyo ili asipoteze muda kutafuta. Lebo hizo ndizo nyaraka bora kuliko zote katika kisa hiki. Baadhi ya kaseti zimeshikwa na ukungu, na hazifai tena kuchezwa, lakini lebo zinasomeka.

Orodha ilipopita nafasi mia moja, mzee alianza kuwa mtu mwingine. Aliketi wima. Alinirekebisha: "Hapana, hapo nilikuwa mgonjwa wa kwanza, mgonjwa wa pili alikuwa marehemu." Na hapo lilijitokeza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba wenzake wengi wamekufa. Kila tulipoandika nafasi yake, palitakiwa kuandikwa na za waliosimama karibu naye, na wengi wana wajane na watoto walioko Ruashi, Kamalondo, Kipushi. Mzee alikataa orodha iwe yake peke yake. Nilimweleza kwamba ingerahisisha madai. Akasema yeye hawezi kwenda kula na jina la mtu akaliacha mlangoni.

Barua tuliyoipeleka ilikuwa na mambo machache. Kwanza, majina yote yaandikwe chini ya kila kipindi kilichowekwa kwenye intaneti, jina la mtu na la nafasi yake. Pili, mapato ya matangazo yaonyeshwe, hata kama ni madogo, na sehemu ya waigizaji ikubaliwe kwa asilimia, si kwa huruma. Tatu, rekodi mpya yoyote iwe na karatasi ya siku: tarehe, nafasi, malipo, sahihi mbili, nakala kwa kila upande. Nilishauri tusidai fungu kubwa la miaka iliyopita kama sharti la kwanza. Wengine katika familia walikasirika. Niliogopa kwamba jibu lingekuwa kuvifuta vipindi vyote, na hapo watu wangepoteza pesa na kumbukumbu kwa pamoja. Bado naamini ulikuwa ushauri sahihi, ingawa ni ushauri wa mtu asiye na madeni ya mzee yule.

Televisheni ilikubali majina. Yameanza kuwekwa, kipindi baada ya kipindi, na mpiga kamera analipwa kwa kusaidia kuyatambua. Karatasi ya siku wameikubali pia kwa kazi mpya, na kwa kweli mkurugenzi alisema inamsaidia hata yeye kwa wafadhili wake. Juu ya asilimia hawajajibu. Wanasema haki za vipindi vya zamani zilikuwa za kiongozi wa kundi, ambaye amefariki, na watoto wake nao wanadai. Huenda wana hoja. Kiongozi yule aliwakusanya watu, alitafuta wafadhili, alilipa mafuta ya jenereta siku za kukatika umeme. Lakini kutunga kisa si kutunga kila neno lililosemwa ndani yake, na tumewaalika watoto wake waketi upande wetu wa meza badala ya kusimama katikati. Mmoja amekubali.

Kundi limeanza kurekodi mfululizo mwingine. Zamu ameitwa, na nafasi waliyompa ni ya mlinzi tena, safari hii wa hospitali. Mtoto wake aliniomba nimzuie. Nilimpigia simu mzee, akanisomea karatasi ya siku aliyopewa kutia sahihi, polepole, hadi mwisho, akaniuliza kama ile nafasi iliyoachwa wazi mbele ya neno "malipo" ni lazima ijazwe kabla hajatia sahihi. Nikamwambia ni lazima. Akairudisha kwa katibu bila sahihi, na walipoileta tena ilikuwa imejazwa.